Kava ya injini inayovuja: jinsi ya kufufua pikipiki ya zamani bila kuiharibu

Katika nyumba nyingi za Meru na Embu kuna pikipiki ya zamani iliyoegemezwa ukutani kando ya ghala. Pengine ni Yamaha AG100 iliyokuwa ya afisa wa kilimo, au Honda ambayo mzee wa nyumba aliitumia kupeleka maziwa na kuwahi mkutano wa chama cha kahawa. Injini bado inawaka. Lakini oili inachuruzika kwenye kava, alumini imegeuka nyeupe kama iliyopakwa chokaa, na vichwa vya skrubu vimelika hadi bisibisi inateleza tu.

Wengi huona hali hiyo na kudhani pikipiki imekwisha. Mara nyingi haijakwisha. Kinachohitajika ni kufungua kava, kusafisha, kubadilisha gasketi na kurudisha skrubu nzuri. Ni kazi ndogo ikifanywa kwa subira. Ikifanywa kwa haraka na kwa kifaa kisichofaa, ndiyo kazi inayopasua kasha la injini na kugeuza pikipiki nzima kuwa chuma chakavu.

Suala hili si la urembo pekee. Oili ikivuja hadi chini ya kiwango, injini hujikwaruza ndani na kukwama, wakati mwingine pikipiki ikiwa mwendoni. Oili ikirushwa kwenye gurudumu la nyuma, dereva na abiria wake wanaweza kuteleza katika kona. Na oili inayodondoka kila siku kwenye steji huoshwa na mvua hadi mtoni.

Pikipiki hizi zilitoka wapi

Kabla ya ugatuzi, mji wa Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na Meru ilikuwa sehemu ya mkoa huo. Maafisa wa kilimo na mifugo walifika mashambani kwa pikipiki, nyingi zikiwa na namba za GK. Yamaha AG100 ilipendwa kwa kazi hiyo kwa sababu iliundwa kwa ajili ya shamba. Ina injini ndogo ya mipigo miwili ya sisi 97 inayopozwa kwa hewa, na mnyororo wake umefunikwa wote ili tope lisiufikie.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikabidhi kaunti huduma nyingi za kilimo, na serikali za kaunti zilianza kazi mwaka wa 2013. Vyombo vya serikali vinavyochakaa huuzwa kwa utaratibu wa kisheria, ukiwemo mnada wa hadhara. Leo utaratibu huo unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015. Kwa njia ya minada, pikipiki za kazi zimeishia mikononi mwa wakazi.

Honda CG125 nayo ilitoka mwaka wa 1976. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hufanya kazi ngumu na hupata huduma kidogo. Serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki zisizozidi sisi 250 mwaka wa 2008, biashara ya bodaboda ilipanuka kwa kasi, na nyingi kati ya pikipiki za bei nafuu kutoka Uchina zilikuja na injini zilizonakili muundo wa CG125. Kwa hiyo anayejifunza kufungua kava ya Honda ya zamani anajifunza pia namna ya kutunza pikipiki nyingi zilizo kwenye steji leo.

Kwa nini skrubu hukwama

Kava ya injini hutengenezwa kwa alumini. Skrubu na bolti zake ni za chuma. Metali hizi mbili zikigusana mahali penye maji, alumini huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Unga huo hujaa kwenye hesi, yaani ile mikunjo ya mzunguko inayoshika skrubu, na kuibana kama saruji.

Mazingira yetu huongeza tatizo. Sehemu za juu zenye majani chai, tope jekundu hukaa kwenye injini na kuhifadhi unyevu. Sehemu za chini, kuanzia Kiritiri na Ishiara hadi Mikinduri, vumbi huchanganyika na oili inayovuja na kuwa ganda gumu. Pikipiki iliyokaa miaka kadhaa bila kuguswa huwa imepata yote mawili.

Sababu nyingine ni bisibisi. Pikipiki nyingi za zamani kutoka Japani zina skrubu za kichwa cha nyota zilizotengenezwa kwa kipimo cha Kijapani. Kwa macho zinafanana na nyota ya kawaida ya dukani, lakini ncha ya bisibisi ya kawaida haifiki chini kabisa ya shimo la skrubu hizo. Ukizungusha kwa nguvu, bisibisi hupanda juu na kukata kichwa. Skrubu nyingi za kipimo hicho zina kidoti kimoja kidogo kichwani. Ukikiona, tafuta bisibisi ya kipimo hicho kabla ya kuanza.

Kabla ya kufungua

Osha injini nje kwanza. Tumia mafuta ya taa na brashi kuondoa ganda la tope, kisha maji na sabuni. Usitumie petroli, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Ukifungua injini ikiwa chafu, mchanga utaingia ndani, na mchanga ndani ya injini hufanya kazi ya msasa.

Washa injini kwa dakika chache ipate joto, izime, weka karai chini, kisha fungua bolti ya kumwagia oili. Kwenye injini ya mipigo minne kama CG125, oili hii hulainisha injini yote. Kwenye AG100 ni oili ya gia na klachi pekee. Kwenye Yamaha nyingi za mipigo miwili, pampu inayopeleka oili ndani ya injini iko upande wa kava ya kulia. Ukifungua bomba lake, ni lazima hewa itolewe ndani ya bomba wakati wa kufunga. Hewa ikibaki, injini itakosa oili na kukwama.

Chukua kipande cha katoni na uchore umbo la kava. Kila skrubu unayoitoa, ichomeke kwenye katoni mahali pale pale ilipotoka. Skrubu za kava moja hazina urefu sawa. Ndefu ikiingizwa kwenye shimo fupi hugonga mwisho na kupasua kasha. Fupi ikiingizwa kwenye shimo refu hushika hesi chache na kuzing'oa. Katoni hiyo haigharimu chochote, na imeokoa injini nyingi.

Kufungua skrubu iliyokwama

Anza na njia ya upole, kisha endelea kwa hatua.

Kwanza, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na uache usiku kucha. Asubuhi rudia.

Pili, weka bisibisi yenye ukubwa kamili kwenye kichwa na uigonge kwa nyundo mara kadhaa, bila kuzungusha. Mtikisiko huvunja ule unga mweupe.

Tatu, tumia bisibisi ya kugonga, ile nene ambayo ukiipiga nyundo kwa nyuma hujizungusha yenyewe. Pigo huizuia isiruke nje huku ikizunguka. Kwa skrubu za pikipiki za zamani, hiki ndicho kifaa chenye manufaa kuliko vyote.

Nne, tumia joto. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo shimo hulegea kuliko skrubu iliyomo. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji yanayochemka na kubanwa kwenye kava hutosha mara nyingi. Usitumie moto wa wazi karibu na kabureta au tangi.

Ikiwa kichwa kimeliwa kabisa, kinaweza kutobolewa kwa drili hadi kikatike. Kava ikishatoka, kipande kilichobaki hujitokeza juu na huweza kushikwa kwa koleo. Hapo anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza anashauriwa kumwita fundi.

Skrubu zote zikitoka na kava bado imeganda, igonge pembeni kwa nyundo ya mpira au ya mbao. Usichomeke bisibisi katikati ya kava na kasha ili kubandua. Mkwaruzo mmoja hapo ni njia ya oili kuvuja, na gasketi mpya haiwezi kuuziba vizuri.

Kusafisha na kung'arisha

Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu. Kisu hukwaruza alumini. Ilowanishe kwanza ili vumbi lake lisipae, kwa sababu baadhi ya gasketi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu.

Onyo moja ni muhimu sana. Usioshe kava kwa soda kali inayotumiwa kuzibua mabomba. Soda hiyo huyeyusha alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Maji ya betri nayo hayafai.

Ili kung'arisha, sugua kwa msasa wa maji, ukianza na namba 240 kama kuna mikwaruzo mirefu, kisha 400, 800 na 1200. Kila namba ifute alama za ile iliyotangulia. Malizia kwa kitambaa laini na polishi ya metali. Usipitishe msasa kwenye uso unaokutana na kasha, kwa kuwa ni lazima ubaki bapa. Alumini iliyong'arishwa na kuachwa wazi hufifia tena, hivyo ipakwe nta mara kwa mara.

Ukipenda rangi, tumia ya kustahimili joto, juu ya rangi ya kwanza inayofaa alumini. Ziba kwa utepe sehemu zinazokutana na kasha pamoja na matundu ya skrubu. Mapezi ya kupoza injini yapakwe rangi nyembamba tu, kwani rangi nene huzuia joto kutoka.

Skrubu na bolti zenye kutu kidogo zinaweza kulowekwa kwenye siki usiku mmoja, kusuguliwa kwa brashi ya waya, kusuuzwa, kukaushwa na kupakwa oili mara moja. Siki huondoa kutu, lakini huondoa pia ngozi ya zinki inayokinga chuma, hivyo bila oili kutu itarudi haraka. Zilizolika kichwa au hesi zitupwe.

Wengi hununua badala yake bolti za kichwa cha shimo la pembe sita, zinazofunguliwa kwa spana ya aleni. Ni chaguo zuri. Za chuma kisichoshika kutu hupendeza macho, lakini nazo hugandana na alumini ikiwa hazikupakwa kitu. Zipake grisi ya kuzuia kugandana kwenye hesi.

Ushauri huu unahusu bolti za kava pekee. Bolti za breki, ekseli na zinazoshikilia injini kwenye fremu hubeba uzito na maisha. Hizo zisibadilishwe kwa bolti yoyote ya dukani. Tafuta zenye ugumu ule ule.

Hesi zikiharibika

Bolti nyingi za kava ni za milimita 6. Hesi za kasha zikiwa zimeng'oka, bolti huzunguka bila kukaza. Baadhi ya watu hujaza gundi au kulazimisha bolti nene. Njia zote mbili huharibu zaidi.

Tiba ni kutoboa shimo kwa kipimo, kukata hesi mpya kwa tapu maalumu na kuingiza koili ya waya mgumu ambayo ndani yake ina hesi za milimita 6. Bolti ya awali hurudi pale pale, na mara nyingi shimo huwa imara kuliko lilivyokuwa. Kabla ya kutoboa, jaza grisi kwenye mdomo wa shimo na kwenye tapu ili inase vipande vya alumini visianguke ndani ya injini.

Kufunga upya

Badilisha pia sili za mpira, hasa ile inayozunguka shafti ya kiki na ile ya gia. Mara nyingi gasketi hulaumiwa kumbe oili inapita kwenye sili. Hakikisha pini ndogo za mwongozo zimerudi mahali pake ili kava ikae sawa.

Weka gasketi mpya ikiwa kavu, au na grisi nyembamba. Silikoni isitumiwe kwa wingi. Inayofinyika kwa ndani hukatika, huelea kwenye oili na kuziba njia zake, na injini ikakosa ulainishaji.

Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kwa mshazari, moja upande huu na inayofuata upande wa pili, kwa mizunguko miwili au mitatu. Usimalize upande mmoja kabla ya mwingine.

Nguvu ya kukaza ndiyo inayowaponza wengi. Bolti ya milimita 6 kwenye kava huhitaji takriban nyutoni mita 10. Kwa lugha nyepesi, ukishika spana sentimita 10 kutoka kwenye bolti, ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 10 hapo mkononi. Si zaidi ya hapo. Anayetumia spana ndefu na nguvu za mabega hupita kipimo hicho bila kujua. Ukiwa umepaka grisi kwenye hesi, punguza nguvu kidogo, kwa sababu bolti yenye grisi hukaza kwa wepesi. Kama huna spana ya kupima nguvu, shika spana fupi karibu na kichwa cha bolti, na usimame bolti inapogoma.

Jaza oili ya aina na kiwango kinachotakiwa, washa injini, tandaza gazeti chini na uache ikae usiku. Gazeti likiwa kavu asubuhi, kazi imekamilika.

Namba ya injini isiguswe

Namba ya injini hupigwa chapa kwenye kasha la injini, si kwenye kava za pembeni. Unaweza kubadilisha kava bila tatizo la kisheria. Lakini unaposugua au kupaka rangi, usifute namba hiyo. Ndiyo iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za umiliki zinazohifadhiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Pikipiki ambayo namba yake imefutwa hushukiwa kuwa ya wizi, hata kama ni urithi wa babu.

Vivyo hivyo, anayenunua pikipiki ya zamani, iwe kwa mnada au kwa jirani, alinganishe namba ya injini na ya fremu na zile zilizo kwenye hati kabla ya kutoa pesa. Aangalie pia bolti za kava. Vichwa vilivyolika na silikoni iliyofurika pembeni ni dalili kwamba injini imefunguliwa na mtu asiye na subira.

Oili chafu si ya kumwaga

Kila kava inayofunguliwa hutoa oili chafu. Ikimwagwa kwenye mtaro katika mji wa Meru, mvua ya kwanza huipeleka Mto Kathita. Mjini Embu huifikisha Rupingazi. Mito yote miwili hatimaye huingiza maji yake Tana, na njiani kuna watu wanaokunywa, wanaonywesha mifugo na wanaonyunyizia mboga.

Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, usiichanganye na maji wala petroli, na umpe mkusanyaji mwenye leseni. Gereji kubwa nyingi huwa na mpango wa kukusanya oili kama hiyo. Usiitumie kupaka vidonda vya mifugo, na vaa glavu unapofanya kazi. Oili iliyotumika, ikigusa ngozi kila siku kwa miaka mingi, inaweza kusababisha maradhi ya ngozi, yakiwemo ya saratani.

Ujuzi ulio na soko

Chini ya Katiba, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti. Kijana anayependa pikipiki anaweza kujifunza huko ufundi wa magari na injini ndogo. Fundi aliyejifunza kazini chini ya mwembe, bila cheti, anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na kupata daraja linalotambulika nchini kote. Uliza katika ofisi ya wadi yako au katika chuo cha ufundi kilicho karibu nawe.

Kwa mwenye pikipiki, jambo la kukumbuka ni moja. Kabla ya kumwambia fundi "kaza kabisa," muulize kama ana bisibisi inayofaa, gasketi mpya na muda wa kutosha. Akisema mafuta ya kulegeza kutu yanahitaji usiku mmoja, mpe usiku huo. Pikipiki iliyosubiri ukutani miaka kumi haitashindwa kusubiri hadi asubuhi.